Ngalawa, mashua au Optimist: chombo kipi kianzishe shule ya unahodha ya watoto wa Mafia?

Sisi watu wa Mafia tunaoishi Moshi na Arusha si wengi, lakini tuna chama chetu cha kufaana, na kwa muda sasa chama hicho kimekuwa kikichanga fedha kwa ajili ya jambo lisilohusu msiba wala harusi: kuwasaidia wazazi wa Chole na Juani kuanzisha shule ndogo, isiyotafuta faida, itakayowafundisha watoto wa visiwani kuendesha vyombo vya tanga. Mwanzoni tuliiita shule ya matanga, na kila aliyelisikia jina hilo pale sokoni Mbuyuni aliuliza nani amefariki, ndipo tukaona heri tuseme shule ya unahodha. Fedha iliyopatikana inatosha kuanza kwa namna moja tu, na wanachama wamegawanyika kati ya ngalawa, mashua na kile chombo kidogo cha watoto kinachojulikana duniani kwa jina la Optimist. Nimepewa kazi ya kuvilinganisha kwa maandishi ili atakayekuja kwenye kikao aje akijua anachokipigia kura. Nina upande wangu, na nitauonyesha mahali pake, lakini nitajitahidi kuvitendea haki hata vyombo nisivyovichagua.

Kabla ya vyombo, maji yenyewe. Shule itakuwa katika ghuba ya Chole, ambayo imezungukwa na Utende upande wa kisiwa kikuu cha Mafia, na visiwa vya Chole, Juani na Jibondo, na yote imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995 ikiwa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Aliyeizoea ghuba hii anajua kwamba ina sura mbili kwa siku moja. Maji yakijaa ni ziwa pana linalomfaa mwanafunzi, kwa sababu miamba na visiwa vinavunja mawimbi ya bahari kuu; maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, fungu la mchanga linatokeza pale ambapo saa chache zilizopita chombo kilipita bila kugusa, na mkondo unaotoka nje kupitia mlango wa Kinasi una nguvu ya kumchukua hata mtu mzima anayejua kuogelea. Kwa hiyo chombo cha shule hii hakipimwi kwa uzuri wake peke yake, bali kwa jinsi kinavyoelewana na maji machache na mkondo mkali.

Nianze na Optimist, kwa kuwa ndiyo inayoungwa mkono na vijana wengi wa chama chetu, ambao wameiona kwenye simu zao. Ni chombo chenye umbo la kisanduku, kisicho na omo (sehemu ya mbele) iliyochongoka, chenye urefu wa mita 2.3 hivi na uzito wa kilo 35 bila mlingoti wala tanga, na tanga lake lina ukubwa wa takriban mita 3.3 za mraba. Kilibuniwa mwaka 1947 na Clark Mills katika mji wa Clearwater, Florida, nchini Marekani, kwa sababu inayotuhusu sana: watu wa mji ule walitaka chombo ambacho mzazi wa kipato cha kawaida angeweza kumtengenezea mtoto wake kwa mbao za plaiwudi. Yaani kilizaliwa kwa nia ileile tuliyo nayo sisi. Leo kinatumika katika nchi zaidi ya 100, na watoto hukishindania hadi wanapofikia umri wa miaka 15.

Kwa kufundishia, sijaona chombo kinachomshinda Optimist kwa mtoto wa miaka 8 hadi 11, na hapa nakubaliana na vijana wetu bila kusita. Mtoto anakaa peke yake, mkono mmoja umeshika kana, yaani mpini wa usukani, na mwingine umeshika kamba ya demani, ile ya kukaza na kulegeza tanga, na hakuna mtu mzima wa kumficha kosa lake. Akilikaza tanga kupita kiasi, chombo kinalala upande. Akililegeza mno, tanga linapiga makofi na chombo kinasimama. Ndani ya saa moja mwili wake umekwisha kujua upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea, jambo ambalo mimi nilifundishwa kwa maneno kwa miaka kadhaa nikiwa nimekaa tu katikati ya mtumbwi wa mjomba. Kikipinduka, mifuko mitatu ya hewa iliyofungwa ndani inakizuia kisizame, mtoto anakanyaga ule ubao wa katikati unaoshushwa majini, anakiinua, anapanda na kuyakumba maji kwa ndoo. Ubao huohuo ukivutwa juu, chombo kinapita kwenye maji yanayofika magotini, na watoto wawili wakisaidiwa na mtu mzima mmoja wanakibeba hadi juu ya pwani.

Basi kwa nini simalizi hapa? Kwa sababu gharama kubwa ya Optimist haiko kwenye Optimist. Watoto sita walio peke yao katika vyombo sita hawawezi kuachwa katika ghuba yenye mlango wa Kinasi bila boti ya injini ya kuwafuata muda wote, yenye dereva makini na mafuta ya kutosha, na mafuta hayo yanafika Mafia kwa chombo na kuuzwa kwa bei ya kisiwani. Boti hiyo na injini yake zinaweza kugharimu zaidi ya Optimist zote kwa pamoja, na siku injini inapoharibika, shule nzima inafungwa hadi kipuri kitoke Dar es Salaam. Katika kikao chetu cha Njoro niliuliza nani ameiweka boti hiyo kwenye hesabu, na hakuna aliyeinua mkono. Wanaotushauri kutoka nje huitaja mwishoni, kama mtu anayekuuzia gari halafu akakumbuka kukwambia kwamba matairi yananunuliwa kando.

Tukija kwenye ngalawa, tunakuja kwenye chombo ambacho hakihitaji kutambulishwa kwa mtu wa pwani, ila wenzetu waliooa huku mlimani wanastahili maelezo machache. Ni gogo lililochimbwa, mara nyingi la mwembe, lenye mirengu miwili inayotoka kila upande na kushika matengo, yaani zile mbao zinazogusa maji na kukizuia chombo kisipinduke. Tanga lake ni la pembetatu na limefungwa kwenye foromali, yaani mti mrefu unaopandishwa mlingotini. Ngalawa ya kutosha mwalimu na watoto watatu hadi wanne haihitaji maji mengi, haihitaji gati, na inatengenezwa na mtu ambaye nyumba yake tunaifahamu.

Somo la ngalawa ni tofauti kabisa na la Optimist. Anayekwenda kwa kubisha, yaani kuufuata upepo unakotoka kwa kukata pembe, katika Optimist anageuza omo kuelekea upepo, anainama ili mti wa chini wa tanga upite juu ya kichwa chake, anahamia upande wa pili, na safari inaendelea. Katika ngalawa, kugeuza ni shughuli ya watu: mmoja yuko kwenye usukani, mwingine analegeza demani, wa tatu anaikumbatia foromali na kuizungusha mbele ya mlingoti, na wote watatu wanapaswa kutenda kwa wakati mmoja, la sivyo tanga linajisokota kwenye mlingoti na chombo kinarudi nyuma. Mtoto anayejifunza hivi anachelewa kuujua upepo kwa mwili wake, lakini anawahi kujua kusikiliza amri na kumtegemea mwenzake, na hilo ndilo litakalomsaidia akija kufanya kazi katika chombo chochote cha nyumbani. Zaidi ya hayo, mwalimu yumo ndani. Upepo ukibadilika ghafla, mkono wa mtu mzima uko umbali wa hatua moja kutoka kwa mtoto, si umbali wa injini inayokataa kuwaka.

Ngalawa ina kasoro zake, na wazee wetu hawapendi zitajwe. Tanga na foromali ni vizito kwa mtoto wa darasa la tatu, kwa hiyo anaweza kumaliza muhula mzima akiwa abiria anayeambiwa ashike kamba hii na kuiachia ile. Mrengu ukivunjika katika upepo wa kusi, chombo kinapoteza msingi wake wote wa usalama kwa mara moja. Na ngalawa iliyojaa maji, ingawa mti wake hauzami, haiinuliwi na mtoto peke yake kama Optimist inavyoinuliwa. Halafu kuna mwembe wenyewe: gogo nene lenye kufaa halipatikani kila mahali, na mti unaotosha ngalawa umechukua miongo kuwa hivyo, kwa hiyo chama kinachotangaza kuipenda bahari kinapaswa kujua pia gogo lake limetoka kwa nani na kama kuna mche uliopandwa mahali pake.

Kasoro nyingine ni ya kibinadamu. Ngalawa inavua samaki. Ukiiacha pwani siku ambazo hakuna masomo, jirani ataiazima kwa siku moja, na siku hiyo itazaa nyingine, hadi mwalimu afike Jumamosi na kukuta chombo cha shule kiko kwenye nyavu. Optimist haina hatari hiyo, kwa kuwa hakuna mvuvi mwenye akili timamu atakayeingia ndani ya kisanduku kile na mtego wake. Wapo wanachama wanaoliona jambo hili kinyume, na hoja yao ina uzito: shule ambayo chombo chake kinaweza kukodishwa kwa wavuvi siku nne za wiki ina kipato chake yenyewe, wakati shule ya Optimist itategemea michango yetu daima. Ninaikubali hoja hiyo kwa sharti moja, kwamba makubaliano yaandikwe, kodi ilipwe kwa mtunza hazina wa kamati ya wazazi na si kwa mwalimu, na anayekodi arudishe chombo kikiwa na kila kamba aliyoikuta.

Mashua nitaieleza kwa ufupi, si kwa kuidharau bali kwa sababu nadhani si ya mwaka wa kwanza. Ni chombo cha mbao zilizopigiliwa juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, na mkuku, uti wake wa chini, na mafundi wa Jibondo wana sifa ya kazi hiyo kwa vizazi vingi. Darasa zima la watoto kumi au kumi na wawili linaingia mara moja, nahodha anaonyesha na wote wanaona, na kwa safari ya mafunzo kutoka Utende hadi Juani hakuna kinachopendeza zaidi. Lakini mtoto hawezi kuiendesha, anaweza tu kuisaidia. Inahitaji maji mengi zaidi, hivyo saa za masomo zinafungwa na kupwa na kujaa kuliko kwa vyombo vingine viwili. Inahitaji kukalafatiwa, yaani kuzibwa nafasi kati ya mbao zake, kila baada ya muda. Na kwa kuwa hupakiwa farumi, yaani uzito wa chini, ili itulie, ikijaa maji inaweza kwenda chini. Tena ina mvuto mbaya wa nafasi. Penye nafasi ya watu kumi na wawili watapatikana watu ishirini, hasa ikiwa ni usafiri wa bure kwenda ng'ambo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, na watu 228 walipoteza maisha. Wazazi wa bara wanaposita kuchangia jambo linalohusu watoto na maji, hilo ndilo walilonalo moyoni, na hatuna haki ya kuwacheka. Shule itakayotumia mashua iwe na idadi iliyoandikwa kwa rangi kwenye ubavu wa chombo, na asiwepo mkubwa wa kijiji mwenye uwezo wa kuiongeza.

Mwanachama mmoja wa Arusha amependekeza pia Laser, ambayo siku hizi huitwa ILCA na hutumika katika Michezo ya Olimpiki. Ni chombo cha kijana aliyekwisha kujua, chenye urefu wa mita 4.2 hivi na gamba la kilo 59 la faiba, na tukifika huko tutakuwa tumefika mbali. Tukiache kwa sasa.

Jambo ambalo kwangu linaamua zaidi ya yote ni matengenezo, kwa kuwa chombo cha shule kitavunjwa, na kinapaswa kuvunjwa, na watoto. Ngalawa ikipasuka, fundi anakuja na tezo, misumari na kipande cha ubao, na jioni imekwisha. Tanga likichanika, linashonwa pale pwani, na watoto wenyewe wanaweza kufundishwa kulishona. Optimist ya faiba ikitobolewa na mwamba inahitaji gundi maalumu na dawa yake ya kuigandisha, vitu ambavyo havikai muda mrefu kwenye joto na ambavyo vitatoka Dar es Salaam, vipite barabara hadi Nyamisati, kisha vivuke hadi Kilindoni. Na anayevitumia lazima awe amefundishwa, kwa sababu vikichanganywa vibaya kiraka kinabanduka. Nimeona katika pwani nyingine, ambayo sitaitaja, vyombo vizuri vya msaada vikiwa vimelazwa chini ya mnazi, vimejaa maji ya mvua na viluwiluwi, kwa ajili ya tundu lisilozidi kiganja cha mkono. Mfadhili alikuwa ameleta vyombo, hakuleta kopo la gundi.

Hata hivyo kuna njia ya katikati ambayo haikuzungumzwa vya kutosha kikaoni. Optimist ya awali ilikuwa ya plaiwudi, na bado inaweza kujengwa hivyo. Seremala hodari wa Mafia aliyezoea mashua hatashindwa na kisanduku cha mbao tano. Chombo kama hicho hakitapimwa wala kukubaliwa katika mashindano ya kimataifa bila taratibu zake, lakini upepo hauulizi cheti, na kikitoboka kitazibwa kwa ubao na gundi ambavyo fundi anavielewa. Gharama itakuwa chini sana kuliko kuagiza kutoka ng'ambo, ambako kimoja kipya cha mashindano kinauzwa kwa maelfu ya dola kabla ya usafiri na ushuru.

Kuhusu walimu, tofauti ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Optimist hufundishwa kwa utaratibu uliokwisha kuandikwa, ambao mtu mwenye nidhamu anaweza kuufuata, lakini ukimtegemea mtu wa kujitolea kutoka nje ujue kwamba muda wake ukiisha utaratibu unaondoka naye. Mwalimu wa ngalawa yupo kijijini na hataondoka, ila si haki kumwomba afundishe bure, kwa sababu kila maji ya kujaa anayoyatumia na watoto wetu ni maji ambayo hakuvua. Posho yake iwekwe kwenye bajeti mbele ya rangi, bendera na fulana zenye jina la chama. Wasichana nao wawe na siku zao, ikiwezekana pamoja na mwalimu mwanamke, kwa kuwa mzazi wa Chole anayemruhusu binti yake kuingia baharini anataka kwanza kujua yuko na nani.

Kwa wazazi wa Moshi na Arusha wanaotaka kuwapeleka watoto wao wakati wa likizo, uchaguzi wao ni wa msimu zaidi kuliko wa chombo. Likizo ya Juni inaangukia kwenye kusi, wakati upepo ni mkali na bahari nje ya ghuba imechafuka. Likizo ya Desemba inaangukia mwanzoni mwa kaskazi, wakati kwa kawaida upepo ni mpole zaidi na maji yanatulia asubuhi. Mtoto wa mara ya kwanza aende Desemba. Na aende akiwa anaweza kuogelea, jambo ambalo tumegundua kwa aibu kwamba wengi wa watoto wetu waliozaliwa huku hawaliwezi, wakati baba zao walirukia majini kutoka ukingoni pa Utende kabla ya kujua kusoma. Moshi ina mabwawa ya kuogelea, na miezi mitatu ya Jumamosi inatosha kumfikisha mtoto mahali ambapo akianguka kutoka ngalawani hatapoteza akili. Jaketi la kuokolea maisha linavaliwa hata hivyo, na saizi yake iwe ya mtoto, kwa maana jaketi la mtu mzima linamvuka mtoto kichwani na kumwacha ndani ya maji.

Nitapiga kura yangu kwa ngalawa mbili, zitakazochongwa na fundi wa Mafia kwa mkataba, pamoja na Optimist mbili za plaiwudi za kujaribia, ambazo zitatumika karibu na pwani tu, maji yakiwa yanajaa, zikiwa zimefungwa kamba ndefu kwenye ngalawa yenye mwalimu hadi tutakapopata boti ya injini. Kwa mpango huo mtoto mdogo ataujua upepo akiwa peke yake kwenye kamba, na mkubwa atajifunza kuizungusha foromali na wenzake, bila lita moja ya mafuta. Mashua tutaikodi mara moja kwa muhula kwa safari ya darasa zima. Anayependelea Optimist sita namheshimu, ila alete kikaoni bei ya injini, ya mafuta ya mwaka mmoja na jina la atakayeitengeneza.

Na kama kura itaangukia ngalawa, naomba jambo moja liandikwe kwenye mkataba kabla fundi hajapewa malipo ya kwanza: kila ngalawa ishonewe matanga mawili, moja la kawaida, na jingine dogo lenye foromali nyepesi ambayo mtoto wa miaka kumi anaweza kuipandisha mwenyewe.